Kompyuta Iliyokaa Juu ya Moto

Kazi yangu ilikuwa masweta. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa Ruiru, waliponiona nikipita na televisheni mgongoni nimeifunga kwa leso kama mtoto, walidhani nimeacha kazi, au akili ndiyo imeniacha mimi. Sikuwa nimeacha. Nilikuwa na mashine ya kufuma, ile ndefu inayolala juu ya meza, na kila Januari watoto tele wa shule za kwetu walivaa kitu kilichotoka mikononi mwangu. Kompyuta zilikuwa mambo ya jioni na ya Jumapili. Kuna wenye kwaya, kuna wenye bia. Mimi nilikuwa na kompyuta za zamani, tena mbovu.

Ya kwanza ilinijia bila kuitwa. Katikati ya miaka ya tisini familia kadhaa za Wahindi wa Thika zilikuwa zikihamia ng'ambo kuwafuata watoto wao, na kabla ya kuondoka waliuza vitu vya nyumba hapo hapo barazani: sufuria, mapazia, baiskeli ndogo za watoto waliokwisha kuota ndevu. Nilikwenda kutafuta uzi. Mama mmoja akaniuzia katoni nzima ya sufi, na chini ya ile sufi kulikuwa na kitu cheusi, chembamba, chenye vitufe vya mpira laini kama masikio ya mbuzi. Nikamuuliza ni nini.

"Kompyuta ya kijana wangu," akasema. "Ilikufa zamani. Tupa."

Tupa! Mtu aniambie mimi nitupe kitu kabla sijajua ndani kina nini? Mama yangu mzazi alikuwa akinionya kwamba nitakuja kufa nikichungulia chungu cha wenyewe, na hakunionya bure. Nilipofika nyumbani sufi niliimwaga kitandani, nikachukua bisibisi ndogo ya mashine ya kufuma, nikafungua. Ndani kulikuwa na ubao wa kijani na vidude vyeusi vyenye miguu mingi pande mbili, kama majongoo waliolala kwa safu. Nilivitazama mpaka ugali ukaungua.

Sikuwa nimesomea mambo hayo. Nilichokuwa nacho ni kitabu cha mwongozo nilichokikuta ndani ya ile katoni, bisibisi, na ubishi. Lakini kuna jambo nililijua ambalo wengi hawakulijua. Mashine yangu ya kufuma ilisoma kadi za matundu: penye tundu ilipitisha uzi wa rangi, pasipo na tundu ilipitisha mweupe, mstari kwa mstari, na hivyo ndivyo nembo za shule zilivyotokea kifuani. Siku nilipoelewa kutoka kitabuni kwamba kompyuta nayo haijui ila mambo mawili tu, kuna au hakuna, nilipiga makofi peke yangu nyumbani. Haiya! Kumbe miaka yote nilikuwa nikila kwa jasho la binamu yake.

Ile ya kwanza ilikuwa na waya uliokatika tu, ndani kabisa, mahali ambapo umeme huingilia. Niliuunga, nikaiunganisha na televisheni, nikazungusha kitufe cha stesheni mpaka chenga zikatulia, na kwenye kioo pakatokea maandishi madogo meusi. Nilipiga ukelele. Mlango wa jirani ukafunguka, ukafungwa.

Mashine za aina ile hazikuwa na kioo chao wenyewe, ndiyo maana zilihitaji televisheni, na programu zake zilikaa kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Ulibonyeza redio-kaseti ikaanza kucheza, na wimbo wenyewe ulikuwa kelele tupu: wiiii ndefu, kisha krrrrr isiyoisha. Mashine iliusikiliza mlio huo ikaugeuza kuwa mchezo, hesabu au picha. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa maombi, alinijia siku moja ameshika Biblia.

"Dada, ni nini kinalia humu ndani kama nguruwe?"

"Ni kompyuta inasoma."

"Inasoma nini?"

"Kaseti."

Akaniombea hapo hapo mlangoni. Nikasema amina, kwani ningefanya nini?

Miaka hiyo vyuo vya kompyuta vilikuwa vikifunguliwa Thika kila kona, na wasichana walilipa karo wafundishwe zile mpya za kijivu zenye kipanya. Nikitaja zangu walicheka. Mmoja aliniambia, "Auntie, hiyo si kompyuta, hiyo ni kikokotoo imenenepa." Sikujali. Kompyuta mpya zilificha mambo yao nyuma ya picha nzuri nzuri. Hizi kuukuu ziliwaka zikakungoja useme unataka nini, na ukikosea zilikuambia umekosea, basi, bila kununa. Napenda mtu wa namna hiyo. Nikaanza kuuliza kwa wanaohama, kwa mafundi, kwa wauza chupa na vyuma, na kabla sijajua chini ya kitanda changu kulikuwa na kompyuta nne zimelala zimefungwa mabaki ya sweta. Sikuziuza. Nilitaka tu zisife kabla sijazielewa.

Vifaa nilinunua Thika, kwa mzee mmoja wa kilemba aliyekuwa na duka la spea za redio karibu na stendi. Alikuwa na ulimi huyo mzee. Siku moja nilitaka waya wa risasi wa kuunganishia nyaya, naye akanipigia kelele kabla sijavuka kizingiti.

"Mama! Wewe unafuma sweta ama unafuma roketi?"

"Nafuma kompyuta. Nipe risasi, na usinipe ile mbaya ya juzi."

Kwenye benchi alikuwa ameketi mzee mrefu mwenye koti la kimwalimu, kofia ameiweka gotini, akingoja redio yake itengenezwe. Hakugeuza macho tu kunitazama. Alizungusha uso mzima polepole mpaka ukanifikia, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa tochi.

"Mashine yako," akauliza, "ina kilobaiti ngapi?"

Ngai! Tangu nizaliwe, Thika na Ruiru yote, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kilobaiti ndicho kipimo cha kumbukumbu ya kompyuta, ukubwa wa kichwa chake tuseme. Mimi nilidhani niko peke yangu duniani na maneno yale. Nikamjibu arobaini na nane.

"Hata yangu," akasema. "Ilikuwa."

Tukaongea mpaka mwenye duka akatuuliza kama tunataka kitanda. Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Zamani, akiishi katika nyumba ya shule mjini Thika, alinunua kompyuta kutoka kwa mwalimu mwenzake mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Aliinunua kwa pesa ambazo mkewe alikuwa ameziweka za ng'ombe wa gredi. Hilo mkewe hakulisahau. Katika miaka yote waliyokaa nyumba ile ya shule hakukanyaga chumba chenye mashine.

"Alisema siku atakayoiangalia ni siku itakayotoa maziwa," Mwalimu akasema, bila kucheka.

Alipostaafu walihamia shambani kwao Gatuanyaga, ambako umeme haukuwa umefika, na mashine ikaingia kabatini. Kisha ikatoweka kabatini. Mwalimu alikuwa na hakika nani ameitupa. Sasa alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaendelea kufunga kutoka pembeni kuja katikati. Alikuwa akiona kama anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lilikuwa likizidi kuwa jembamba.

"Kuna picha niliiandika kwa ile mashine," akaniambia. "Kwa namba tupu, mimi mwenyewe. Nilimaliza wiki ambayo tulihama. Nataka itokee kwenye kioo kabla haya macho hayajafunga."

"Picha ya nini?"

"Itokee kwanza."

Nilimwonea huruma, lakini tuseme ukweli, kilichonishika zaidi ni lile swali. Picha ya nini? Mtu anabeba picha kichwani miaka yote hiyo na hataki kuitaja? Nililala nalo, nikaamka nalo, nikafuma mkono wa sweta nikauzidisha urefu kwa sababu yake. Mwalimu alikuwa ameniomba nikaongee na mkewe. "Wewe ni mwanamke mwenzake," alisema, "labda wewe atakuambia alikoitupa." Basi Jumamosi nikanunua mkate na sukari, maana huwezi kuingia boma la watu mikono mitupu, nikapata lifti ya pikapu ya wauza nyanya mpaka Gatuanyaga. Nilishuka nimepakwa vumbi mpaka kope.

Mkewe, ambaye nilimwita cucu, vile tunavyomwita bibi mzee kwetu, alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kupima watu. Alinipokea vizuri. Tulikunywa chai nusu saa nzima tukizungumzia mvua ambayo haikunyesha, kisha nikashindwa kungoja.

"Cucu, ile mashine ya Mwalimu iko wapi?"

"Iko mahali pake."

"Mwalimu anasema uliitupa."

"Mwalimu hajawahi kuniuliza," akasema. "Amekuwa akinishtaki tu. Kuulizwa na kushtakiwa si kitu kimoja, maitu." Maitu ni vile wamama wetu humwita msichana wakimpenda, au wakiwa karibu kumgombeza, na sikujua mimi niko upande gani.

Akainuka, akanipeleka kwenye jiko la nje, lile la mafiga na kuni. Juu ya moto kulikuwa na itara, yaani uchaga wa miti ambao kila nyumba ya zamani ya kwetu ilikuwa nao, mahali pa kuwekea vitu visivyotakiwa kuharibika, moshi uvikaushe na wadudu wasivikaribie. Mahindi ya mbegu yalining'inia pale kwa maganda yake, meusi tititi. Kulikuwa na kibuyu kilichokuwa cha mama yake. Na kati ya mbegu na kibuyu kulikuwa na gunia dogo limefungwa kwa kamba ya katani.

"Kule kabatini panya walikuwa wameanza kuzaa," cucu akasema. "Kitu cha kutunzwa nitakiweka wapi kwingine?"

Nikapanda kigoda nikaliteremsha. Woi, nikalifungua, majivu yakanimwagikia mpaka viatuni. Alikuwa amelijaza majivu, vile tunavyotia maharagwe yasitobolewe na dumuzi! Kompyuta nzima, kaseti yake, nyaya zake, vyote vimezikwa ndani ya majivu meupe laini yaliyochekechwa. Sikujua nicheke au nilie. Nilikuwa nimekuja na hotuba nimeiandaa kichwani, ya kumtetea Mwalimu dhidi ya mke mkorofi, na hotuba ikaniishia kinywani.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuweza kuona vizuri kilicho mikononi mwangu kwenye kiza cha jikoni, lakini alivuta pumzi.

"Inanuka moshi," akasema.

"Ingenuka panya," cucu akajibu, akarudi kwenye chai yake.

Nilirudi Ruiru nimelipakata lile gunia kama yai. Kwa muda wa wiki kadhaa, kila nilipofunga kazi ya sweta, niliikalia. Nilisugua masizi kwa brashi ya viatu na spiriti ya duka la dawa, na kila nilipodhani nimemaliza, majivu mengine yalitoka chini ya kitufe fulani. Nilitarajia kuona kutu ndani. Hapakuwa na kutu hata chembe! Zangu zilizolala chini ya kitanda kwenye unyevu wa Ruiru zilikuwa na kutu kwenye kila skurubu, na hii ya kwenye moshi ilikuwa kavu kama bisikuti. Nilikaa nikifikiria jambo hilo sana. Nilikuwa nimeapa kwamba nazitunza, kumbe nilikuwa nikiziozesha kwa upendo.

Lakini joto nalo lilichukua chake. Chini ya vitufe vya mpira kuna karatasi ya plastiki yenye mistari ya fedha, ndiyo inayopeleka habari kwamba umebonyeza herufi gani, na mkia wa karatasi hiyo ulikuwa umekakamaa ukapasuka nchani. Nilikata ile ncha kwa mkasi, vile unavyokata ncha ya uzi iliyochanika kabla ya kuitunga sindanoni, nikausukuma mkia mahali pake. Nikawasha. Herufi zote zikaitika. Sikupiga ukelele mara hii kwa sababu ya yule mama wa maombi, lakini nilicheza kidogo.

Kaseti ndiyo iliyonitoa jasho. Ganda lake lilikuwa limepinda kwa joto, halingeweza kuzunguka. Utepe wa ndani ulionekana mzima. Nilikwenda kwa mzee wa kilemba nikamwomba ganda tupu, lile la skurubu, si lile lililogandishwa.

"Ganda tupu sina," akasema. "Nina kwaya."

"Kwaya gani?"

"Kwaya mbaya. Hakuna mtu amenunua."

Nikanunua kwaya mbaya, nikatoa utepe wake, nikahamishia ule wa Mwalimu ndani, nimefunga leso puani nisije nikaupulizia mate. Vidole vilijua kazi yao. Kwa hilo naishukuru sufi.

Nikaweka kwenye redio-kaseti, nikabonyeza. Wiiii. Krrrrr. Mashine ikasikiliza, ikaniandikia kwamba imeshindwa kusoma. Nikarudia, ikashindwa. Nikapandisha sauti, nikateremsha, nikaisemesha, nikaitukana. Tatizo nililijua kwa jina tu kutoka kitabuni: kila redio-kaseti ina kichwa kidogo cha chuma kinachosugua utepe, na kama kichwa cha redio iliyorekodi kiliinama kidogo hivi, basi chako nacho sharti kiiname vivyo hivyo. Mtaka cha mvunguni huinama, nikajiambia. Pembeni mwa kichwa hicho kuna skurubu. Nikaiweka bisibisi hapo, nikafumba macho, nikaanza kuizungusha kidogo kidogo huku kaseti ikilia. Ule mlio ukiwa mzito, mnene, kama mtu anayeongea na kinywa kimejaa, hujafika. Nikazungusha. Ukawa mwembamba. Nikazungusha tena, na ghafla ukawa mkali, safi, ukanipasua masikio. Hapo hapo! Nikaondoa mkono.

Kwenye kioo cha televisheni yangu isiyo na rangi mistari ikaanza kukimbia pembeni, minene, kisha myembamba, nami nikawa nimekaa nimeshika magoti. Mlio ukakoma. Kioo kikasafishika, pakatokea maneno matatu tu: BONYEZA KITUFE CHOCHOTE.

Sasa nisikilize. Wahenga walisema macho hayana pazia, na mimi sijawahi kuwa na hata kitambaa. Mtu aliyeunguza ugali kwa ajili ya majongoo ya plastiki, kidole chake kiko juu ya kitufe, picha iko upande wa pili, na hakuna mtu mwingine nyumbani. Niliinuka. Nikaketi. Nikaenda nikanywa maji. Niliporudi bado ilikuwa ikiningoja, yenye subira, mbaya sana kwa subira yake. Lakini ilikuwa picha ya mtu anayefungwa macho polepole, nami nione kwanza? Nikarekodi nakala kwenye kaseti mpya, nikazima umeme kabisa ukutani. Nilikasirika siku mbili.

Nikatuma ujumbe Gatuanyaga kwa wale wauza nyanya. Jibu lilikuja kwamba Mwalimu amepewa siku ya kupasuliwa macho Nairobi, Jumatatu asubuhi. Operesheni yenyewe hairudishi kitu, inazuia tu, na daktari hakuficha kwamba wakati mwingine haizuii, na wakati mwingine hata kile kidogo kilichobaki huenda nacho. Jumapili wangekwenda kulala kwa ndugu yao Githurai, na njiani wangepita kwangu.

Walifika baada ya kanisa, wamevaa vizuri, cucu na mkoba wake mapajani, Mwalimu na kofia. Nilikuwa nimeazima televisheni ya rangi kutoka kwa mwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga kwa kumwahidi sweta. Nikamwekea Mwalimu kigoda karibu kabisa na kioo, kwa ajili ya lile bomba lake. Cucu alikataa kiti nilichompa, akaketi kitandani ameelekea dirishani, kama mtu aliyekuja kumsindikiza mgonjwa tu.

Nikabonyeza kaseti. Wiiii. Mwalimu alipousikia ule mlio akainua kichwa. "Umeipata sawa," akasema. Hilo peke yake lilinitosha kuwa malipo. Krrrrr, mistari ikakimbia, tukafika katikati, na puu, kioo kikawa cheupe. Mashine ilikuwa imejizima na kujiwasha. Nikaanza upya. Puu, tena. Mikono ya Mwalimu ilikuwa imeishika ile kofia vibaya sana.

Kisha nikatazama taa ya dari nikaiona imefifia, rangi ya machungwa, na nikajua. Jumapili alasiri! Ploti nzima ilikuwa ikipiga pasi nguo za shule na za kazi za Jumatatu, na umeme wa ploti yetu ulikuwa wa kugawana kama maji ya mtungi. Nikatoka uani.

"Zimeni pasi!" nikapaza sauti. "Zimeni pasi nyote, nawaomba! Kuna mgonjwa!"

"Mgonjwa gani anataka pasi?" sauti ikauliza kutoka mlango wa mwisho.

"Zima kwanza, matusi baadaye!"

Wakazima. Mama wa maombi ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango kuhakikisha, Mungu ambariki. Taa ikanyooka ikawa nyeupe. Nikaanza kwa mara ya tatu, na mistari ikakimbia mpaka mwisho, na mlio ukakoma, na yale maneno yakatokea. Nikamwambia Mwalimu iko tayari, abonyeze.

"Si mimi," akasema. "Mama ndiye abonyeze."

"Mimi siguzi hiyo kitu," cucu akasema kwa dirisha.

"Tafadhali," Mwalimu akasema.

Mwanamume wa umri ule, wa kwetu, kumwambia mkewe tafadhali mbele ya mgeni, mimi sikuwa nimewahi kusikia. Nadhani hata cucu hakuwa amewahi. Aliweka mkoba chini, akaja, akabonyeza kitufe kwa ncha ya kidole, kama anayejaribu kama maharagwe yameiva.

Picha ikaanza kujichora kutoka chini kwenda juu. Mstari mmoja, mwingine juu yake, vijiraba vidogo vya rangi vikipangana. Nilisogea mpaka nikawa karibu kuingia kwenye kioo. Nyekundu, nyeupe, buluu, nyeupe. Mimi mfumaji niliielewa kabla haijafika nusu.

"Haiya," cucu akasema. "Hii ni kiondo."

Kile kikapu cha kusukwa kikapanda mstari kwa mstari.

"Hii ni kiondo yangu!" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ile nilikuja nayo nikiolewa. Ilishaoza hii. Nilibebea viazi mpaka ikatoboka."

Ndipo nikageuka nimwone Mwalimu anavyoiangalia picha yake, nikakuta amekigeuza kigoda. Alikuwa ameipa televisheni mgongo kabisa. Jamani, nilikasirika! Moshi wote ule, kwaya ile, pasi za watu!

"Mwalimu," nikamwambia, "televisheni iko huku!"

"Najua iliko," akasema.

Uso wake alikuwa akiuzungusha polepole, vile alivyouzungusha siku ile dukani, akitafuta, mpaka ukampata mkewe. Hapo ukasimama. Na mimi, mwenye kujifanya naona kila kitu, ndipo nilipoona. Picha aliijua. Alikuwa ameihesabu uzi kwa uzi. Kitu ambacho hakuwahi kukiona hata siku moja ni mkewe akiiangalia, na kesho yake huenda asingeweza kukiona tena.

Cucu hakuwa na habari nasi. Alikuwa ameinama kwenye kioo akifuata mistari kwa kidole, mwanga wa rangi umemjaa usoni.

"Hapa umekosea," akasema. "Nyekundu imeingia mahali pa buluu."

"Sijakosea. Wewe ndiye ulikosea. Mimi niliandika vile nilivyokuta."

Akatazama tena, karibu zaidi.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nafuma nikitembea. Na kulikuwa na kijana fulani wa ualimu anapita hapo na baiskeli kila siku, anapiga kengele barabara ikiwa tupu. Nikaangalia juu."

"Haikuwa tupu," Mwalimu akasema.

Cucu akacheka. Alicheka ghafla, kisichana, akajiziba mdomo kwa kiganja kama wafanyavyo wamama wa rika lake, akataka kugeuka arudi dirishani.

"Toa mkono mdomoni," Mwalimu akamwambia, "na usisonge, nisikupoteze."